Uzi: Mama aliificha laptopu chini ya kitanda siku kumi na moja. Matapeli wa "msaada wa kompyuta" wameingia nyumbani kwetu

Mwana_wa_Bombo (mwenye uzi)

Ndugu zangu, salamu. Uzi utakuwa mrefu kidogo, mwenye haraka asinilaumu.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Bombo, hapa Uganda, kumsalimia Mama. Ni mkunga mstaafu, na ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa pale mtaani. Hesabu zote za kikundi ziko kwenye laptopu niliyomnunulia miaka mitatu iliyopita, na kwake hata shilingi mia tano haipotei. Nilipoingia uani niliona mbuzi mmoja tu kwenye mwembe, nami nimezoea wawili. Sikuuliza. Nikanywa chai, nikamwambia alete kompyuta nimwekee picha za harusi ya mdogo wangu. Akasema chaji imekufa. Nikasema ninayo chaja kwenye gari. Akanyamaza, halafu akasema, "Iache tu, mwanangu. Hiyo mashine inaumwa."

Jioni nikainama kutafuta ndara chini ya kitanda, nikaiona. Imefungwa kwa leso mbili, moja juu ya nyingine, fundo limekazwa kama mzigo wa msafiri wa mbali. Nikafungua. Kwenye kamera alikuwa amebandika plasta ya kidonda.

Nikamuuliza, Mama, hii ni nini? Akajibu kwa sauti ya chini, kama kwamba kuna mtu sebuleni: "Wananiona. Yule bwana alisema wananiona."

Sasa kisa chenyewe. Siku moja kabla ya mkutano wa kikundi printa iligoma. Mama akaandika jina la printa mtandaoni, akabonyeza jibu la juu kabisa. Jibu la juu kabisa mara nyingi ni tangazo lililolipiwa. Pana kineno kidogo kinachosema hivyo, lakini kwa macho ya miaka 67 kineno hicho ni vumbi tu. Ukurasa ukamtaka akubali jambo fulani, akakubali. Dakika chache baadaye kioo kizima kikawa chekundu, king'ora kikaanza, sauti ya mwanamke ikasema kwa Kiingereza kwamba kompyuta imefungwa kwa usalama wake na asithubutu kuizima. Juu pana nembo ya Microsoft, chini pana namba ya WhatsApp.

Akapiga. Miaka thelathini na zaidi kengele ikilia wodini yeye ndiye anayekimbia kuielekea. Leo mnataka aikimbie?

Akapokea bwana mwenye Kiingereza cha taratibu, akamwelekeza kupakua AnyDesk, programu ya kuendesha kompyuta ya mtu ukiwa mbali, na kumsomea tarakimu zilizotokea. Mara mshale ukaanza kutembea wenyewe. Bwana akafungua orodha ndefu yenye alama nyekundu na za njano, akaishusha, akaishusha, haina mwisho. "Kila hii nyekundu, mama, ni mwizi mmoja aliyeingia." Mama anasema hapo magoti yalimwisha nguvu, maana majina ya wanachama wote na akiba zao zilikuwa humo.

Bei: shilingi 380,000, ulinzi wa miaka miwili. Akaunganishwa na mtu wa pili, huyu anaongea Luganda, anamwita "maama" kwa unyenyekevu kama mkwe anayeposa. Akampa namba ya kutumia pesa. Mama akafungua menyu ya mobile money, *165#, kwenye simu yake, na kabla ya kuweka namba ya siri likatokea jina la mtu binafsi, si kampuni. Akauliza. Akaambiwa, "Huyo ni mhasibu wetu wa Kampala." Akatuma.

Siku ya tatu wakarudi. Sasa simu nayo imeambukizwa, inahitajika 600,000. Kwenye laini yake hamkuwa na kitu, akabeba noti mkononi hadi kibanda cha mobile money kilicho karibu na stendi. Binti wa pale, sidhani kama amefika miaka ishirini na miwili, akaandika namba, akaona jina, akauliza, "Hajati, huyu unamfahamu?" Mama akasema ni watu wa kompyuta. Binti akasema, "Kampuni ya kompyuta gani inapokea pesa kwa jina la mtu? Hawa ni bafere, matapeli." Akazirudisha noti zile juu ya kaunta, akakataa kabisa. Kakosa kamisheni yake, na jirani yake wa kibanda cha pili angezituma bila swali.

Mama akarudi nyumbani, akaifunga mashine kwa leso, hakumwambia mtu. Siku kumi na moja.

Kinachoniuma si zile laki tatu na themanini. Mwaka jana alinipigia usiku kuniuliza kama ujumbe wa WhatsApp wa bando la bure ni wa kweli. Nilicheka. Zaidi ya kucheka, niliweka simu kwenye spika wenzangu kazini wasikie. Basi siku king'ora kilipolia, mtu wa kumpigia alikuwepo, ni mimi, na mimi nilishajifuta kwenye orodha.

Ushauri mwingi nilioukuta mtandaoni ni weka hiki, sakinisha kile. Sawa. Lakini kwa zile dakika arobaini bwana yule alipokuwa kwenye mashine, hakuna programu ambayo ingemsaidia Mama kuliko kujua kwamba anaweza kukata na kunipigia bila kuonekana mjinga. Kwa hiyo tumewekeana maneno. Atanipigia saa yoyote, hata saa tisa usiku, nami sitacheka wala sitahoji "kwa nini ulibonyeza". Malipo yoyote yanayohusu kompyuta au simu yanapitia kwangu kwanza. Na juu ya mfuniko wa laptopu pamebandikwa karatasi, mwandiko wake mwenyewe wa kinesi: IKIPIGA KELELE, ZIMA. PIGIA MTOTO.

Naomba wenye ujuzi waniambie, mashine hii niiamini tena? Na nyinyi mmewalindaje wazee wenu?

---

Fundi_Wandegeya

Pole sana ssebo, na Hajati umpe pole zangu. Kwa mwezi siwezi kukosa mashine moja ya namna hii mezani kwangu.

Kwanza mwondoe Mama hofu. Ile orodha ya alama nyekundu inaitwa Event Viewer, ni daftari la Windows la kila kitu kidogo kilichochelewa au kilichokwama. Ya kwangu hapa, nimeisafisha mwenyewe, ina mamia. Wakati mwingine huandika netstat na kumwonyesha mtu safu yenye neno "foreign", wanasema ni wageni waliovamia. Ni anwani za nje tu, hata ukifungua gazeti mtandaoni zinatokea.

Halafu kuna mchezo ninaoupenda kwa ubaya wake. Wanafungua lile dirisha jeusi, wanaandika assoc, na mwishoni kabisa inatokea namba inayoanza 888DCA60. Wanamwambia mteja, "Hii ndiyo namba ya siri ya kompyuta yako, pekee duniani, soma tuone kama inafanana na iliyopo kwetu." Bila shaka inafanana! Iko hivyo hivyo kwenye Windows zote. Jumapili hii kaa na Mama, fanyeni kwenye mashine yake na ya kwako, aone kwa macho yake. Wazee wakioneshwa kiini cha mazingaombwe hawasahau.

Sasa mashine. Kata intaneti kwanza. Ondoa AnyDesk (programu yenyewe si mbaya, hata mimi naitumia na wateja wa Gulu, ila aliyepewa tarakimu na ruhusa ndiye mwizi). Angalia pia kama hawakuacha nyingine za aina hiyo, TeamViewer au UltraViewer, maana huwa wanaweka ya pili ya akiba, na huweka nywila ili warudi usiku bila kuomba. Nywila za barua pepe na benki zibadilishwe kutoka kifaa KINGINE, si hicho. Kwenye barua pepe kagua kama hakuna kanuni ya kupeleka nakala kwa mtu usiyemjua. Mimi mashine iliyoshikwa kwa dakika arobaini ningehamisha mafaili ya kikundi kwenye flashi, nikafuta kila kitu na kuweka Windows upya. Ni kazi ya nusu siku, lakini utalala.

Na ile "akakubali jambo fulani" nadhani ni arifa za kivinjari. Kwenye mipangilio ya kivinjari tafuta tovuti zilizoruhusiwa kutuma arifa, ondoa zote. La sivyo zitaendelea kumtisha pembeni mwa kioo kila asubuhi.

---

Simba_Mbale

Mimi nitasema wasiyotaka kusema wengine. Mzee wa miaka 67 kompyuta ya nini? Mpe simu ya kitochi, mambo yaishe. Mnawapa silaha wasiyoijua halafu mnalia.

---

Bibi_wa_Arua

Kijana Simba, mimi nina miaka 71 na ninakujibu kwa kompyuta. Kwanza shikamoo hatujaisikia.

Kitochi unachokisema ndicho walichonipigia mwaka juzi, "Nyanya, nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie." Ujumbe wa uongo ulikuwa umeingia kabisa, umeandikwa vizuri kuliko wa kampuni. Kilichoniokoa ni kwamba niliangalia salio kwanza. Basi na kitochi tutupe? Na redio je? Maana kuna waganga wanajitangaza redioni nao wanakula pesa za watu.

Mwanangu wa Bombo, mwambie mama yako sisi wa rika lake tunajua. Tulifundishwa kwamba mtu aliyevaa joho jeupe akisema "lala hapa", unalala. Hawa wamevaa joho jeupe la kompyuta.

---

Dada_Nje_ya_Nchi

Nipo Massachusetts, Marekani, naangalia wazee kwenye nyumba zao. Kisa cha Bombo ni kilekile cha huku, ila huku hawatumi mobile money. Huku wanapelekwa dukani kununua kadi za zawadi, wanakwangua, wanasoma namba kwenye simu. Mzee mmoja niliyekuwa namhudumia alirudi na kadi kumi na mbili kwenye mfuko wa mkate. FBI waliandika kwamba kwa mwaka 2023 peke yake watu walioripoti kwao aina hii ya utapeli walipoteza zaidi ya dola milioni 900. Na hao ni waliosema. Mzee wangu wa kadi hakusema popote, alinikataza hata nisimwambie binti yake.

Niongeze mchezo wa pili, jiandaeni maana waliolipa mara moja hupigiwa tena. Miezi michache baadaye wanasema: kampuni imefungwa, tunakurudishia pesa zako. Wanaingia kwenye mashine, unafungua akaunti ya benki, wao wanabadilisha maandishi ya ukurasa uleule ulio mbele yako, salio linaonekana limepanda. "Lo, tulitaka kukurudishia 300, tumekosea tumetuma 3,000, nitafukuzwa kazi, nirudishie tofauti." Hakuna kilichoingia. Wamechora tu. Ukibonyeza kuupakia ukurasa upya salio la kweli linarudi, ndiyo maana wanakukataza kugusa kibodi.

---

Mwana_wa_Bombo

Dada, umenifungua. Juzi Mama alipigiwa na namba nyingine, "tunahusika na kurudisha malipo". Akasema, "Ngoja nimpigie mwanangu," wakakata. Tulidhani wamekata tamaa. Kumbe walikuwa wanaanza ukurasa wa pili.

---

Kijana_wa_IT_Makerere

Naomba niungame hapa ambapo hakuna anayenijua. Nasoma mambo ya kompyuta, mwaka wa tatu. Mwaka huu laini yangu iligoma, nikaenda Facebook nikalalamika chini ya ukurasa wa kampuni ya simu. Dakika hazikupita kumi, akaunti yenye nembo ileile ikanijibu, "Pole mteja wetu, tuandikie faragha." Nikaandika. Wakaniomba tarakimu zilizoingia kwa ujumbe ili "wathibitishe mmiliki". Nikawapa! Mimi! Wakachukua WhatsApp yangu, wakakopa pesa kwa shangazi zangu watatu kwa jina langu.

Kwa hiyo Simba, si uzee. Nilikuwa nimechoka, nina shida, na mtu akajitokeza wakati uleule ninapohitaji msaada. Utapeli huu hauhitaji ujinga, unahitaji shida.

Kuna jamaa wa YouTube anajiita Jim Browning, kazi yake ni kuingia kwenye kompyuta za matapeli hawahawa na kuwaanika. Julai 2021 mtu alijifanya ni wa msaada wa YouTube, akamshawishi afute chaneli yake mwenyewe. Akaifuta. Alirudishiwa baadaye, lakini fikiria, huyo ndiye bingwa.

---

Simba_Mbale

Shikamoo Bibi. Nimekubali, nimerudi nyuma. Baba yangu ana laptopu pia, basi niambieni ile skrini nyekundu ikitokea afanye nini hasa, kidole kwa kidole, maana "zima" peke yake hataielewa, watamwambia ukizima utapoteza kila kitu.

---

Fundi_Wandegeya

Hapo umeuliza la maana. Ile skrini ni ukurasa wa tovuti uliotanuliwa ukajaa kioo, basi. Haijafunga chochote. Mwambie Baba abonyeze Esc na ASHIKILIE, asiguse tu akaachia, ukurasa utapungua na alama ya kufunga itaonekana juu. Ikigoma, Alt na F4 pamoja. Ikigoma kabisa, ashikilie kitufe cha kuwashia mpaka mashine izime kimya. Akiwasha tena kivinjari kitamwuliza kama arudishe kurasa zilizokuwa wazi, hapo aseme hapana, maana akisema ndiyo anamrudisha mwizi mlangoni.

Na jambo moja la kumkaririsha: onyo la kweli la Microsoft haliji na namba ya simu. Wamelisema wenyewe waziwazi. Ukiona namba, ni bafere, haihitaji uchunguzi zaidi.

Mimi kwa wazee huweka kivinjari cha Firefox chenye kiongezi cha uBlock Origin, inakata matangazo mengi yale ya juu ambayo Hajati alibonyeza. Na namba ya fundi wao, awe mimi au mwingine, naiandika kwa kalamu nyeusi chini ya laptopu. Mtu akiwa na namba ya fundi hatafuti fundi mtandaoni.

---

Nalubega_Wakala

Mimi nina kibanda Jinja, nataka kusema kwa niaba ya yule binti wa Bombo. Sisi tunayaona. Mtu anakuja simu iko sikioni, hajakata, anaitikia "yes, yes", jasho linamtoka, anataka atume haraka. Nikimuuliza anatuma kwa nani ananiambia niache umbea. Wengine wameshafundishwa na tapeli waseme ni ada ya mtoto. Ninachofanya, namwambia mtandao umekwama, kaa kwenye benchi kidogo. Dakika kumi za benchi zimeokoa watu kuliko maneno yangu. Wakati mwingine ananitukana na kwenda kibanda kingine, basi.

Pesa ikishatumwa, piga kampuni ya simu DAKIKA HIYO. Kama haijatolewa inaweza kushikwa. Baada ya siku kumi na moja, ndugu yangu, sitakudanganya.

---

Mwana_wa_Bombo

Nalubega, ni kama ulivyosema. Nimepiga, zilitolewa siku ileile. Nimeripoti polisi hata hivyo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ipo tangu 2011 na udanganyifu wa kielektroniki umo, nikapewa namba ya faili. Afisa aliyeandika alimwita Mama "mama yetu" na hakucheka, nikamshukuru kwa hilo tu.

Fundi, tulifanya ile ya assoc jana. Mashine mbili juu ya meza, namba zinafanana mpaka herufi ya mwisho. Mama akaisoma ya kwake kwa sauti, akaisoma ya kwangu, akavua miwani, akasema neno la Kinubi ambalo siliandiki hapa. Leso zimerudi kabatini. Arifa zilizoruhusiwa zilikuwa tano, nimeondoa zote. Windows mpya itawekwa Jumatano.

---

Bibi_wa_Arua

Na yule binti wa kibanda mmempa nini?

---

Mwana_wa_Bombo

Mama alimpelekea kikapu alichokisuka mwenyewe, na kuku. Alikataa kuku, akachukua kikapu.

Halafu naomba kusahihisha. Mama amesoma uzi wote leo, na ana mambo mawili anayotaka niandike. La kwanza, si 380,000, ni zaidi, maana kuna gharama ya kutuma, na mimi nimeiacha kama kwamba haikulipwa. "Hesabu ni hesabu."

La pili, nilipoandika kwamba alinyamaza kwa sababu yangu, anasema nimejipa ukubwa. Kicheko changu kilimkera, ndiyo, lakini hakikumfunga mdomo. Katika zile pesa za kwanza, 150,000 zilikuwa za kikundi. Ilimbidi zirudi kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi, na alijua akiniambia mimi nitazilipa, na yeye hakutaka zilipwe na mtu mwingine.

Nikamuuliza zilirudije. Akanielekeza kwa kidevu kule kwenye mwembe.